Mikono Isiyoandikwa

Majirani zangu, nanyi mnaopita hapa kila asubuhi mkielekea makazini, nipeni masikio kidogo. Sikuja kumsema mtu. Nimekuja kusema jambo, na jambo lenyewe lilitokea upande wa pili wa ukuta wangu, ukuta mwembamba kiasi kwamba nikipiga chafya jirani ananitakia afya njema. Mimi ni mwanamke fundi viatu. Nafanya kazi kibarazani, macho yangu yako kwenye visigino vya watu na masikio yangu hayana kazi, kwa hiyo mkiniuliza nimeyajuaje haya yote, jibu ndilo hilo.

Uani kwetu kulikuwa na utulivu. Jumapili ninayoikumbuka, jirani yangu alikuwa ameketi kwenye kigoda akimsuka mteja, wanacheka mpaka mteja anasahau kulia maumivu. Kwa kazi yake hiyo sote tulimwita Msusi. Binti yake wa pekee alikuwa mezani karibu na dirisha, vitabu vimetandazwa mbele yake. Alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari na alitaka kusomea uuguzi, jambo ambalo uani hakuna asiyelijua, maana alikuwa akitushika mkono na kutupima mapigo ya moyo tutake tusitake. Bibi, mama mkwe wa Msusi, alikuwa amejilaza kivulini akijifanya amesinzia ili umbea umfikie vizuri.

Basi geti likafunguliwa, akaingia mume wa Msusi na gunia begani. Mtu wa ofisini, siku ya mapumziko, jasho linamchuruzika, na mtu akitaka kumpokea mzigo anakwepa.

"Mume wangu, hicho ni nini?" Msusi aliuliza.

"Mashati. Yamebaki vifungo tu. Nisaidieni leo, leo tu."

Huyu bwana tulimwita Bajeti, na jina alilipata kwa haki. Alikuwa msimamizi wa uzalishaji katika kiwanda cha kushona sare, na bajeti haikutoka mdomoni mwake hata kwenye maongezi ya kununua nyanya. Nitaieleza kazi yake kwa wale wasiokaa ofisini. Oda ikija, yeye ndiye anayesema itahitaji watu wangapi, siku ngapi na mishahara kiasi gani. Akishasema, tajiri anatia sahihi, na kuanzia hapo maneno yake mwenyewe yanamfunga. Akitumia zaidi anaitwa mbadhirifu. Akitumia pungufu anapigiwa makofi mkutanoni, na nawaambia kweli, makofi yamewapoteza watu wengi wazuri.

Maana Bajeti alikuwa mtu mzuri, msinielewe vibaya. Miaka ya nyuma ndiye aliyekuwa akigombana na wakubwa ili washonaji walipwe saa zao za ziada. Lakini mwaka huo tajiri mwenye kiwanda alitangaza kwamba atamchagua meneja mkuu kutoka miongoni mwa wasimamizi, na mwenzake wa upande wa suruali alikuwa na sifa ya kutoomba nyongeza hata siku moja. Kisha homa ikaingia kiwandani. Wanawake wa meza ya vifungo wakalala vitandani, oda ikachelewa, na dawa ilikuwa moja tu, kwenda kwa tajiri na kusema nimekisia vibaya, naomba nyongeza ya mishahara. Bajeti akaona aibu kusema maneno hayo. Akaona ni rahisi kubeba gunia.

Sitawadanganya, Jumapili hiyo ilikuwa tamu. Binti alisukuma vitabu pembeni, Msusi alipomaliza nywele akachukua sindano, Bibi akaamka ghafla kutoka kwenye usingizi wake wa uongo, na mimi pia nikaweka nyundo chini. Tulishona vifungo tukipiga soga kama tunaandaa arusi. Jioni gunia lilikuwa tayari, na Bajeti alitushukuru mmoja mmoja mpaka tukaona haya.

Mwisho wa mwezi alirudi kutoka mkutanoni kichwa kimevimba. Tajiri alikuwa amemsimamisha mbele ya wenzake. Alikuwa amesema, huyu ndiye msimamizi, ameleta oda nzima kwa mishahara pungufu, jifunzeni kwake. Bajeti alitusimulia hayo uani huku akipunga mkono na kuigiza sauti ya tajiri.

"Nikipata umeneja," akamwambia binti yake, "ada ya chuo haitakuwa tatizo tena. Wewe soma tu."

Binti alitabasamu. Mama yake hakutabasamu sana. Aliuliza tu kama tajiri ameambiwa nani alishona vile vifungo, na mumewe akajibu kwamba mambo ya ofisini yana namna yake.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo penye ugonjwa. Oda ya pili ilipokuja, tajiri hakumuuliza tena Bajeti anahitaji watu wangapi. Alichukua hesabu ya oda ya kwanza, ile iliyotusahau sisi tuliokaa uani na sindano, akasema ile ilitosha, na hii itatosha vilevile. Msaada wetu wa siku moja ukawa kipimo cha siku zote. Mtu mwenye akili timamu angesema pale pale, bosi, samahani, ile hesabu haikuwa kamili. Jioni nilimsikia Msusi kupitia ukutani, akimuuliza mumewe.

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia sawa."

"Sawa kwa mikono ya nani?"

"Wale wa vifungo bado wanaumwa," Bajeti akasema. "Ni oda hii tu, mke wangu. Nisimamie kwa hii tu."

Tangu wiki hiyo uani hapakukalika. Magunia yaliingia alfajiri na kutoka jioni. Kibaraza alichokuwa Msusi akisukia kilijaa mashati ya bluu, na wateja wake wakaanza kusimama getini, wanachungulia, wanasema watarudi kesho. Hawakurudi. Nywele hazisubiri, na wasusi wako wengi mjini. Meza ya binti ikawa ya kupangia kola. Vitabu vyake vilihamia kitandani, kutoka kitandani vikahamia chini ya kitanda.

Na Bajeti mwenyewe akabadilika. Yule bwana mpole alianza kutembea ndani ya nyumba yake mikono nyuma, anainama juu ya bega la huyu, anageuza shati la yule. Alimpangia kila mtu kiwango cha siku. Alimpangia mpaka mama yake mzazi. Chakula kililiwa kwa zamu, mmoja anakula wawili wanashona, na ukikaa sana na sahani anakohoa. Hata mimi niliyekuwa upande wangu na viatu vyangu nilijikuta nikifanya haraka bila sababu, kana kwamba kuna mtu amesimama nyuma yangu.

"Mwanangu," Bibi alimwambia siku moja bila kuinua macho kwenye sindano, "nikistaafu kwenye kiwanda chako hiki utanipa kiinua mgongo?"

Tulicheka. Bajeti hakucheka. Alisema mama, tafadhali, hicho kifungo kimekaa upande. Bibi akakikata akakishona upya, pua karibu iguse shati. Nilitaka kusema neno. Nikajiambia hayanihusu, mambo ya nyumba ya watu. Mnalijua hilo neno, sote tunalitumia.

Binti ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko wote, na hapo ndipo palipokuwa na balaa lake. Katika kiwanda chochote anayefanya haraka ndiye anayeongezewa, na katika nyumba ile ikawa hivyo hivyo. Akimaliza lake anasukumiwa la bibi yake. Akitoka shuleni hafiki kwenye daftari, anapitia kwenye gunia. Na hakulalamika, maskini, kwa sababu aliambiwa kila siku kwamba yote hayo ni kwa ajili ya ada yake.

Basi asubuhi moja akaja kibarazani kwangu mwanamke mwenye viatu vilivyoisha soli kabisa. Alikuwa akikaa mitaa ya nyuma, ananijia mara mojamoja. Zamani viatu vyake vilidumu, kwa sababu kazi yake ilikuwa ya kukaa. Nilimtania kwamba siku hizi anakwenda kucheza dansi wapi.

"Dansi ya kutafuta kazi, dada," akasema. "Napiga mlango hadi mlango. Nilikuwa kiwanda cha sare, meza ya vifungo. Wametufungia meza."

"Si mlikuwa mnaumwa?"

"Homa ya wiki moja? Tulipona zamani. Tuliporudi tukaambiwa bajeti haina nafasi yetu."

Sindano yangu ilisimama kwenye ngozi. Nilijua nigeuke wapi na sikutaka kugeuka, lakini yeye alikuwa ameshageuka. Kibaraza cha pili hakiko mbali, na yale mashati ya bluu angeyatambua hata gizani. Aliondoka mguu mmoja peku, kiatu chake kimebaki mkononi mwangu, akaenda akasimama mbele ya Msusi. Akaokota shati moja, akapitisha kidole gumba juu ya vifungo, taratibu, kama mtu anayemgusa mtoto wake aliyelelewa na watu wengine.

"Wanakulipa?" akauliza.

"Hapana," Msusi akasema. "Ni kazi ya mume wangu. Tunamsaidia, watu wake wanaumwa."

"Watu wake ni mimi. Na wenzangu wanne wako nyumbani kwao. Hatuumwi."

Msusi akaweka sindano chini. Nimemjua yule mwanamke miaka mingi na sijawahi kuuona uso wake hivyo. Mama Vifungo, tumwite hivyo, hakumtukana. Afadhali angemtukana. Alisema tu kwa sauti ya kawaida, "Mtu anayelipwa kidogo ningeweza kushindana naye. Sasa mtu wa bure nitashindana naye vipi?" Kisha akarudi kwangu akakaa, nikamalizia soli yake, na sikuchukua malipo.

Jioni ile sikuhitaji kutega sikio. Sauti zilipita ukutani zenyewe.

"Umenifanya nimnyang'anye mwanamke mwenzangu tonge mdomoni," Msusi alikuwa akisema. "Na hukuniambia."

"Ningekuambia ungekubali?"

"Ndiyo sababu ulipaswa kuniambia!"

"Mke wangu, nisikilize. Oda ni hii tu, halafu uteuzi. Nikikaa kwenye kiti kile nitaifungua meza yao kwa mkono wangu. Nitawarudisha wote. Lakini leo nikienda kusema niliongopa, nimekwisha, na mtoto hana chuo."

"Mtoto ana mtihani wiki hii. Unajua hilo?"

"Najua. Kwani mimi nafanya haya kwa ajili ya nani?"

Msusi alisalimu amri. Msimlaumu haraka. Mwanamke aliyepoteza wateja wake wote, mume amesimama ukingoni, ada inasubiri, afanye nini? Alifanya alichoweza. Alichukua sehemu ya binti yake akaiongeza kwenye yake, na macho yake yakawa mekundu mpaka akawa anafumba jicho moja ili aone tundu la sindano. Lakini oda ilikuwa kubwa, na siku ya kukabidhi iliangukia siku ileile ya mtihani wa kwanza.

Asubuhi ya mtihani nilimwona binti kwa macho yangu. Sare ya shule imepigwa pasi, kalamu iko mfukoni, na shati la bluu liko mapajani. Baba yake alikuwa amesimama mlangoni akihesabu mafungu.

"Malizia hayo machache," akamwambia. "Una mkono mwepesi, dakika chache tu, utawahi."

"Baba, nimeshona tangu jana."

"Najua, mwanangu. Ndiyo ya mwisho."

Alimalizia. Aliondoka akikimbia, na uzi wa bluu umenata kwenye sketi yake. Bajeti akapakia magunia yaliyokuwa tayari akaenda kiwandani, akawaambia wanawake wake kwamba atarudi kuchukua mengine mchana, wasilale.

Binti alirudi kabla baba yake hajarejea. Hakumsalimu mtu. Hakubadili nguo. Alipita moja kwa moja kibarazani, akakaa mahali pake kati ya mama yake na bibi yake, akavuta shati, akatia uzi kwenye sindano, akaanza.

"Mtihani umekuwaje?" mama yake akauliza.

"Nililala."

"Ulilala vipi?"

"Nilisoma swali la kwanza, mama. Nikaweka kichwa kidogo. Msimamizi wa mtihani aliponiamsha walikuwa wanakusanya karatasi." Alikata uzi kwa meno. "Yamebaki mangapi haya?"

Hakulia. Hilo ndilo lililotuumiza. Alikuwa anauliza yamebaki mangapi. Mimi mtu mzima, niliyezoea kupiga misumari na kusema na wateja wakorofi, nililia pale pale na kuvaa miwani yangu ya kazi ili nisionekane.

Msusi aliinuka. Alimnyang'anya binti sindano mkononi, si kwa ukali, akaichoma kwenye ukosi wa gauni lake mwenyewe. Alikusanya mashati yote, yaliyoshonwa na yasiyoshonwa, akayasokomeza kwenye magunia. Bibi akauliza tunakwenda wapi, akajibiwa kazini, na Bibi akaanza kutafuta viatu. Nilimwambia Bibi abaki na mjukuu. Akanitazama kama nimemtukana.

"Nimefanya kazi kiwanda kile miezi mizima," akasema, "na sijawahi kukiona."

Basi tukaenda wanne, binti amebeba gunia lake na mimi nimebeba la Bibi. Watu njiani waliuliza kama tunahama. Getini mlinzi akatuzuia akauliza tunamtafuta nani.

"Hatumtafuti mtu," Bibi akasema. "Tumechelewa kazini."

"Mama, majina yenu hayapo hapa."

"Hilo ndilo lililotuleta."

Sijui mlinzi alitufungulia kwa huruma au kwa kuchanganyikiwa. Ndani mashine zilikuwa zinanguruma, na pembeni niliiona meza ndefu tupu, viti vimegeuzwa juu yake miguu hewani. Tajiri alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, kijana nadhifu, mpole wa sauti, na Bajeti yuko kando yake. Bajeti alipotuona alirudi hatua moja nyuma.

Msusi akamwaga gunia miguuni pa tajiri.

"Shikamoo haihitajiki, wewe ni mdogo wangu," akasema. "Mimi ni mke wa huyu. Huyu ni mama yake, huyu ni mtoto wake, huyu ni jirani. Sisi ndio tuliokuwa tunashona vifungo vyako. Tumekuja utuandike."

Tajiri hakukasirika. Ndugu zangu, ningelipa niione hasira yake. Aliokota shati, akavuta kifungo kimoja, akaona kimekaza, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Kazi safi," akasema. Akamgeukia Bajeti. "Kumbe una timu nzima nyumbani, na hukuniambia? Hili ni wazo zuri sana. Tuwaongezee na kola basi. Na wale wasimamizi wengine nao watazame nyumbani kwao, hawakosi mama na dada."

Nilimtazama Bajeti. Nadhani alisikia wazo lake mwenyewe likitoka katika kinywa cha mtu mwingine, na halikuwa zuri kulisikia. Lakini bado alikuwa anatafuta jinsi ya kupona, mpaka mkewe alipomwambia.

"Mwanao amelala kwenye mtihani. Karatasi imekusanywa nyeupe."

Bajeti alimtazama binti yake. Binti alitazama chini. Yule bwana alikaa juu ya robota la kitambaa, akashika kichwa. Kisha akasimama.

"Bosi," akasema, "hesabu niliyokupa ni ya uongo. Kazi hii haijawahi kufanywa na watu wachache. Imefanywa na watu walewale wengi. Nilichofanya ni kuwaondoa waliolipwa na kuwaweka hawa ambao sikuwaandika. Usiwaongezee kola. Usimpeleke msimamizi yeyote nyumbani kwake. Fungua meza ile, na uongeze mishahara, vinginevyo oda hizi hazitoki."

"Nimeshawapa wateja bei ya mwaka mzima kwa hesabu zako," tajiri akasema. Sauti ilikuwa ileile ya upole. "Hasara hiyo anaibeba nani?"

"Hesabu ni zangu."

"Basi huna kazi."

Alitoka nasi. Alibeba gunia tupu mkononi njia nzima, hakujua kwamba amelibeba, na hakuna aliyemwambia alitupe.

Yaliyofuata nitayasema kwa ufupi kwa sababu hayana raha. Meza ya vifungo ilifunguliwa, na sababu haikuwa huruma. Mashati yalikwama na mikono ya bure ilikuwa imekwisha. Mama Vifungo alirudi pamoja na wenzake wawili, wengine wawili walikuwa wamehama. Umeneja alipewa yule wa suruali. Sijui huko kwake kukoje na sitaki kubahatisha, ila naomba asiwe na mtoto wa mtihani. Msusi alitembea nyumba hadi nyumba kuwaomba wateja wake warudi, akawapata wachache. Na binti alifanya mitihani iliyobaki, akajitahidi, lakini ile karatasi nyeupe ilimshusha. Chuo kilimwambia ajaribu tena mwaka ujao. Mwaka mzima wa ujana wake uliliwa na vifungo.

Bajeti alikaa nyumbani muda mrefu. Aliwaomba radhi wote, mama yake, mkewe, mtoto wake, akaenda mpaka mitaa ya nyuma kwa Mama Vifungo, ambaye alimsikiliza mlangoni bila kumkaribisha ndani. Alibeba mizigo sokoni, akapaka rangi kuta za watu. Mkewe alimpikia na kumjibu akiulizwa, ila ule mcheko wa zamani haukuwepo, na kila mmoja wetu uani aliusikia ulipokosekana.

Kisha siku moja alasiri akaja mgeni, amevaa vizuri, anamuulizia yule msimamizi maarufu. Alikuwa na kiwanda cha mifuko ya shule. Akakaribishwa kiti. Msusi alikuwa anamsuka mtu, binti yuko pembeni, mimi niko kwangu na kiatu.

"Sifa zako zimenifikia," mgeni akasema. "Nimeambiwa unatoa oda nzima kwa nusu ya watu. Mtu kama wewe simwachi. Mshahara taja mwenyewe, nitakupa na nyumba, na kama una mtoto anasoma, ada naibeba mimi. Ninachotaka ni kimoja, unifanyie kama ulivyofanya kule."

Mikono ya Msusi ilisimama kwenye nywele. Bibi hakujifanya amelala. Kila kitu ambacho nyumba ile ilikuwa imekitafuta kilikuwa kimekaa pale kwenye kiti, kimekunja nne, kinasubiri neno moja tu. Neno lenyewe lilikuwa "sawa".

Bajeti alimtazama binti yake, naye safari hii hakuangalia chini.

"Siwezi," Bajeti akasema. "Sikuwahi kuweza."

"Lakini ripoti zinasema..."

"Ripoti niliziandika mimi. Ukitaka, nitakaa nawe nikuambie kazi yako inahitaji watu wangapi kweli na utawalipa nini. Utaona ni wengi. Ndio ukweli wake."

Mgeni alicheka kidogo, akatazama saa, akasema wasimamizi wa namna hiyo anao tele. Akaaga. Geti lilipofungwa, Msusi akamwomba radhi mteja wake, akainuka, akaingia ndani, akatoka na sahani ya chakula ambayo hakuombwa, akaiweka mbele ya mumewe.

"Kula," akamwambia. "Kula polepole."

FUNZO

Wasimamizi wa kazi za watu, na nyinyi mnaopanga bajeti, haya nayasema kwenu kwanza. Kazi haifanyiki bila mikono. Ukiona hesabu yako imepungua na kazi iko vilevile, usishangilie, tafuta mikono iliyofichwa iko wapi, maana lazima ipo mahali, na lazima kuna mtu anayeilipia. Omba nyongeza mapema hata kama utaaibika. Aibu ya mkutanoni inakwisha siku ileile, lakini uongo ukishaandikwa kwenye makisio unageuka kuwa sheria, na kesho utadaiwa uurudie.

Matajiri nanyi msijifanye hamjui. Mtu akikuletea kazi nyingi kwa watu wachache muulize ameipataje kabla ya kumpigia makofi.

Na sisi wa majumbani, tusidanganywe na neno "kwa ajili yenu". Kuna baba na mama wengi, hata sasa ninapozungumza, wanaowanyima watoto wao usingizi, meza na kitabu, kisha wanawaambia wanawajengea maisha. Jirani ukiyaona hayo kwa mwenzako usiseme hayakuhusu, kama nilivyosema mimi. Mwenzako hawezi kuyaona, ameinamia gunia. Ingia umwambie, akikufukuza rudi tena kesho, kwa sababu mtihani wa mtoto haungoji baba yake apate akili.